Kompyuta ya Milimita

Hospitali ile ilikuwa na madaktari, wauguzi, mhasibu na mganga mkuu, lakini mtu aliyeogopwa kwa dhati alikuwa mwanamke mfupi aliyetunza stoo ya dawa. Wote walimwita Bibi Stoo. Katika stoo yake hapakuwahi kuharibika dawa kwa unyevu, wala katoni halikuwahi kulala chini sakafuni, wala hakuna aliyewahi kuingia na kikombe cha chai akaruhusiwa kukimalizia humo. Mganga mkuu mwenyewe akifika pale alibisha hodi, akasimama kando ya mlango akisubiri kuitwa.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Sukari ilikaa mbali na sabuni, sabuni mbali na mafuta, na kila kitu kilikaa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili hewa ipite. Dada yake mkubwa, mjane ambaye hakuwa na kazi kubwa zaidi ya kuja kumkosoa, alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile hata mgeni akikaa sana huanza kujikagua kama muda wake wa matumizi umekwisha.

Aliwahi kuwa na mume. Mume huyo alikuwa mchora ramani za nyumba, mtu mrefu na mkimya, na watu walimwita Milimita kwa sababu hakukisia kitu. Ukimwuliza mlango una upana gani, hakuonyesha kwa mikono kama binadamu wengine. Alichomoa tepu ya kupimia mfukoni, akainama, akapima, akakutajia, akairudisha tepu mfukoni. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Waliishi pamoja miaka mingi, wakamlea binti mmoja, wakamwoza mji wa mbali. Binti alipoondoka ndipo walipogundua kwamba aliyekuwa akiongea nyumbani siku zote alikuwa yeye. Bibi Stoo akadai talaka. Wakubwa wa pande zote mbili wakaketi, wakamwuliza mumewe amemkosea nini. Anakupiga? Hapana. Anakunyima matumizi? Hapana. Ana mwanamke nje? Hapo Bibi Stoo nusura acheke.

"Sasa amefanya nini, mwanetu?"

"Hajafanya kitu," alisema. "Ndiyo kesi yenyewe."

Milimita akaulizwa kama ana la kujibu. Akafikiri muda mrefu sana, mpaka mjomba mmoja akaanza kusinzia, kisha akasema hana. Talaka ikatoka bila mtu kupaza sauti. Yeye akapanga nyumba upande wa pili wa mji, Bibi Stoo akabaki pale pale, na kama walikutana sokoni waliulizana habari za binti, kila mmoja akaenda zake.

Basi Jumamosi moja mchana, miaka kadhaa baada ya hayo, mlango ukabishwa, na aliyesimama nje ni Milimita. Alivua viatu, akavipanga sambamba, akaketi ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Tangu waachane hakuna aliyejua amwite mwenzake nani, kwa hiyo waliitana kwa kukohoa.

Milimita akakohoa. "Nimepata kazi. Bwawa la umeme, nchi ya jirani, huko ndani kabisa. Miaka miwili, huenda ikazidi."

"Hongera."

"Ahsante. Nyumba nairudisha kwa mwenyewe. Vyombo nimegawa. Imebaki kompyuta." Akaona huenda hajaeleweka. "Ile ya mezani."

"Kwani huendi nayo?"

"Kule wanatoa za kwao. Na safari ni ya lori, barabara yote mashimo, itang'oka matumbo. Michoro nimeshanakili kwenye diski mbili. Moja nasafiri nayo, moja nimempa kaka. Lakini programu yangu ya kuchorea haikubali mashine mpya, kwa hiyo siwezi kuiuza hii."

"Si ungemwachia kaka yako yote, diski na kompyuta?"

"Ana watoto watano, na wote wana bisibisi."

"Ofisini?"

"Wataitumia. Nikirudi nitaikuta imejaa michezo na virusi."

"Na yule rafiki yako fundi bomba?"

"Paa lake linavuja." Milimita alitazama viatu vyake pale mlangoni. "Nimewapitia watu wote ninaowafahamu, mmoja baada ya mwingine. Wewe ndiye mtu pekee ambaye ukimwachia kitu, ukirudi unakikuta."

Bibi Stoo aliyapima maneno hayo. Katika miaka yote ya ndoa mwanamume huyu hakuwahi kumsifia nguo, wala mapishi, wala sura. Sasa amemsifia, na amemsifia kama ghala.

"Ilete kesho," alisema. "Na ije safi."

Kesho yake Milimita akaja na pikapu ya kukodi, kompyuta ameipakata mapajani kama mtoto mwenye homa. Alikuwa ameifunga nailoni, akaifunga tena nailoni juu ya ile nailoni, akamalizia na utepe wa gundi pande zote. Bibi Stoo akaizunguka mara moja.

"Nailoni ya nini?"

"Kuzuia vumbi."

"Na jasho je? Hapo umeufungia unyevu ndani, hauna pa kutokea. Fungua."

Milimita akafungua. Wakatoka nayo barazani, akatoa mfuniko wa ubavuni, akashika brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono, akaanza kuisafisha. Vumbi likatoka kama moshi. Kisha akatoka mjusi mmoja, mkavu, bapa, aliyekufa zamani akiwa amenyoosha mikono. Wote wawili wakamtazama. Milimita akampuliza, mjusi akaanguka kwenye maua.

Kila waya Milimita alikuwa ameufunga uzi wa rangi, na kila tundu la nyuma ya mashine amelibandika karatasi ya rangi ile ile, ili mtu yeyote aweze kuiunganisha hata kama hajui kitu. Waya akazikunja kwa duara pana, akaeleza kwamba waya ukikunjwa kwa pembe kali hukatika ndani kwa ndani. Bibi Stoo akakubali. Hata mipira ya dripu ndivyo ilivyo. Mashine ikavishwa shuka la pamba lililofuliwa na kunyooshwa, ikaingizwa katika katoni lake lenyewe la dukani, ambalo Milimita alikuwa amelitunza tangu siku alipoinunua, pamoja na povu lake gumu la kukinga mashine. Katikati ya mikunjo ya shuka Bibi Stoo akachomeka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya makopo ya vidonge, ambavyo kopo likiisha hutupwa. Alikuwa na bati zima la vifuko hivyo. Hakuwa amejua anavitunzia nini.

Walipofika kwenye kioo cha kompyuta, Bibi Stoo akataka kukilaza.

"Kioo hakilazwi," alisema Milimita.

Alilisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia katika ndoa. Bibi Stoo alimtazama. Kioo kikasimamishwa.

Mahali pa kuweka palizua mjadala mrefu kuliko ule wa talaka. Uvunguni hapafai, maji yakimwagika sakafuni yanafika. Juu ya kabati hapafai, bati likipata jua panakuwa jiko. Karibu na dirisha hapana. Mwisho wakaafikiana: chumba kilichokuwa cha binti, ukuta wa ndani, juu ya chaga la mbao kama yale ya stoo, upana wa kiganja kutoka ukutani. Milimita akapima kiganja cha Bibi Stoo kwa tepu ili ajue ni milimita ngapi.

"Usiichomeke kwenye umeme," alisema akivaa viatu. "Radi."

"Sina mpango huo."

"Basi."

"Safari njema."

Pikapu ikaondoka.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Milimita alipiga simu. Kambini kwao mtandao ulipatikana juu ya kilima kimoja tu, na Bibi Stoo alisikia upepo kabla ya kumsikia yeye.

"Haijambo?"

"Haijambo."

"Panya?"

"Hakuna."

"Unyevu?"

"Vifuko nimebadilisha."

"Ahsante. Basi."

Mazungumzo yalikwenda hivyo kwa muda, na Bibi Stoo hakuona kasoro. Hata stoo ya mkoa walimpigia hivyo hivyo. Mwezi mmoja alikuwa na mafua makali, akajibu kwa sauti ya chura. Upepo ukavuma upande wa pili.

"Sauti imekuwaje?"

"Mafua."

Upepo ukazidi kuvuma. "Pole," alisema Milimita. "Kunywa maji ya moto."

Bibi Stoo alikata simu akabaki ameishika. Mwezi uliofuata Milimita aliuliza kompyuta kwanza, kisha mafua. Mwezi mwingine akaongeza kwamba mpishi wa kambi amegoma na wanapikiwa na dereva wa tingatinga, na chakula kina ladha ya dizeli. Lilikuwa tukio la kwanza katika maisha ya Milimita kusimuliwa na Milimita mwenyewe. Bibi Stoo akasema pole.

Wakati huo huo, hospitalini kuliletwa magodoro mapya ya wodi, na aliyeyaleta alikuwa mwenye duka la magodoro la barabara ya pili, mwanamume mnene, mchangamfu, aliyefiwa na mkewe, mwenye kicheko kinachosikika chumba cha tatu. Watu walimwita Bwana Magodoro. Alimkuta Bibi Stoo akikagua mishono ya godoro moja moja, akasema katika maisha yake hajawahi kuona mwanamke anayeheshimu godoro kiasi hicho. Jumapili iliyofuata akaja kumtembelea. Na iliyofuata.

Dada mtu alifurahi kupita kiasi. "Huyu anaongea!" alimnong'oneza jikoni.

"Ni kweli, anaongea," alisema Bibi Stoo.

Na hakuwa anamchukia. Bwana Magodoro alijua hadithi za wateja wake wote: bibi harusi aliyerudisha godoro akidai linamwotesha ndoto mbaya, mwalimu aliyelala dukani akijaribu kitanda mpaka jioni ikabidi wamfungie ndani. Bibi Stoo alicheka mpaka akafuta macho. Baada ya saa moja hivi alianza kutamani kimya kidogo, lakini alijiambia kwamba hayo ni mazoea tu, yataisha. Bwana Magodoro alipomwambia anataka kumwoa, alijibu atafikiri, na kweli alikuwa anafikiri.

Kitu kimoja tu kilimkera Bwana Magodoro. "Hivi kile ni nini?" aliuliza alipopita mlangoni mwa kile chumba.

"Kompyuta ya mtalaka wangu."

"Kaacha kompyuta, au kaacha macho?" Akacheka sana. Bibi Stoo hakucheka, ila hakukasirika. Akamweleza kuwa ni amana, mwenyewe akirudi atachukua. Bwana Magodoro akasema sawa, na alimaanisha sawa, kwa namna ile ya mtu ambaye tayari ameshapata wazo zuri zaidi.

Wazo lenyewe lilitekelezwa Alhamisi, Bibi Stoo akiwa kazini. Dada mtu alikuwa na ufunguo wa akiba. Bwana Magodoro akaja na wapagazi wawili na kitanda kipana cha mbao nzito, pamoja na godoro nene kuliko yote dukani kwake, zawadi isiyo na masharti. Wakakifunga katika chumba cha binti. Kwa kuwa katoni lilikuwa njiani, wakalipeleka kibaraza cha nyuma, wakaliweka chini, wakalifunika nailoni. Kioo wakakilaza juu ya kabati la jikoni. Kisha dada akachemsha chai, wakaketi kumsubiri waone atakavyoshangaa.

Alasiri mvua ikanyesha, na haikunyesha wima. Ilipigwa na upepo ikaingia kibaraza cha nyuma kwa ubavu, na sakafu ya kibaraza hicho, ambayo Milimita alishawahi kusema imeinama upande usiofaa, ikakusanya maji.

Bibi Stoo alirudi amelowa mabega. Alikuta vikombe mezani na nyuso mbili zinazong'aa.

"Fumba macho," alisema dada yake, akamshika mkono mpaka chumbani. "Haya, fumbua!"

Bibi Stoo akafumbua. Kitanda kilikuwa kizuri, hilo hakulipinga hata baadaye.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema.

"Kipo salama," alisema Bwana Magodoro. "Tumekiweka nyuma, tumekifunika vizuri na nailoni."

Bibi Stoo alivua viatu. Akatoka kibaraza cha nyuma, mvua ikimpiga usoni, akaona katoni limekaa ndani ya maji kama jiwe la mto. Bwana Magodoro alikuja mbio amsaidie, naye akasema, "Usishike," kwa sauti ndogo kabisa, ile ile iliyokuwa ikimsimamisha mganga mkuu kando ya mlango. Akajitwika mwenyewe, pamoja na ufupi wake, mpaka chumbani. Chini ya katoni palikuwa pamegeuka uji. Akatafuta sehemu kavu iliyoinuka. Ilikuwepo moja tu, lile godoro jipya, ambalo lilikuwa bado na nailoni yake. Akaiweka kompyuta hapo katikati, akaivua shuka lililorowa, akaanza kuifuta.

Bwana Magodoro alisimama mlangoni. Mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa.

"Mimi nilikuwa nakufanyia jambo jema," alisema.

"Najua," alisema Bibi Stoo, na kweli alijua. "Kitanda ni kizuri. Lakini hukuuliza."

"Ningeuliza isingekuwa zawadi ya kushtukiza."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo ni kompyuta ndiyo inatuachanisha?"

Bibi Stoo akakamua kitambaa. "Leo umehamisha kitu nilichopewa nikitunze. Kesho utahamisha kingine, kwa nia njema vile vile, na utakuwa unacheka. Mimi nitazeeka nikitafuta vitu, kaka yangu. Sitaweza."

Aliposema "kaka yangu" Bwana Magodoro akaelewa kwamba posa imekwisha. Akaaga. Dada mtu akalia, akagombeza, akasema mdogo wake ana moyo wa chaga la mbao, kisha akachukua mwavuli akamsindikiza Bwana Magodoro mpaka barabarani, kwa sababu mtu mzima hawezi kuachwa aondoke na majonzi na mvua kwa pamoja.

Jumapili ya simu ilipokaribia, Bibi Stoo hakulala vizuri. Tangu aanze kazi hajawahi kuripoti upotevu. Alijaribu mbele ya kioo cha bafuni kutamka "Haijambo", akaona mdomo wake unakataa. Simu ikaita. Upepo.

"Haijambo?"

"Imelowa."

Bibi Stoo akaona bora amalize yote: kitanda, kibaraza, nailoni, kioo kulazwa, Bwana Magodoro, na posa, kwa sababu bila posa kitanda hakikueleweka. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mtu wa stoo, na alipofika mwisho akasubiri hukumu.

"Na wewe ulilowa?" aliuliza Milimita.

"Mimi?"

"Ulipokwenda kuitoa. Si mvua ilikuwa inanyesha?"

Bibi Stoo akaketi. "Nililowa."

"Ulibadilisha nguo?"

"Baadaye. Niliifuta hiyo kwanza."

"Ungebadilisha kwanza," alisema Milimita.

Bibi Stoo aliihamishia simu sikio la pili.

"Utaolewa naye?" aliuliza Milimita.

"Nimemwambia aje achukue kitanda."

"Ahaa." Kisha Milimita akauliza hali ya hewa ya huko, akajibiwa, na baada ya muda mfupi akauliza hali ya hewa tena.

Safari hiyo Milimita hakusubiri mwezi ujao. Alipiga Jumapili iliyofuata, na ile nyingine. Alimwagiza aiache kompyuta wazi kivulini, feni iielekee kwa mbali, asiichomeke kwenye umeme hata akishawishika vipi. Siku moja akasema sasa tuifungue. Bibi Stoo akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu, akashika bisibisi.

"Nieleze unachokiona."

"Naona kama mji," alisema Bibi Stoo. "Umechorwa na mtu asiyependa watu."

Kikasikika kitu upande wa pili ambacho alidhani ni upepo. Kisha akahisi Milimita anacheka. Hakuwa na uhakika. Hakuwa na cha kulinganishia.

Wakaenda taratibu. Skrubu moja ilikuwa na kutu. Tone moja la maji lilikuwa limeacha alama nyeupe mahali pasipodhuru. Akamwelekeza kuchomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akisugue meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akirudishe hadi kilie "tak". Akaunganisha waya, uzi mwekundu kwa karatasi nyekundu, wa kijani kwa kijani. Akawasha. Mashine ikapiga mlio mmoja mrefu wa kukata tamaa.

"Zima," alisema Milimita, bila haraka. "Kile kibao hakijakaa. Kibonyeze pande zote mbili. Usikiogope."

Akakibonyeza. Akawasha tena. Mashine ikanguruma, kioo kikawa cheusi, kikawa bluu, kikaandika. Bibi Stoo alipiga kelele moja tu, fupi, akajizuia.

"Imewaka?"

"Imewaka. Ila tarehe inasema mwaka ambao binti alikuwa bado anasoma. Tulikuwa bado pamoja."

"Betri ndogo imekufa." Upepo ukavuma kidogo. "Irekebishe. Programu yangu haipendi tarehe za uongo."

Kitanda, kwa taarifa, hakikurudi dukani. Siku Bwana Magodoro alipokuja kukichukua, dada mtu alikuwepo kumsaidia kuhesabu skrubu, na wakatoka wakizungumza. Siku nyingine wakaonekana wakizungumza mahali pengine. Wote wawili walipenda kuongea na wote wawili walipenda kuhamisha vitu vya watu. Kabla mwaka haujaisha kitanda kilikuwa nyumbani kwa dada, na Bwana Magodoro yumo. Bibi Stoo alimwita shemeji bila tabu yoyote, akawa anawatembelea kwa saa moja.

Kazi ya bwawa ilizidi muda uliosemwa, kama kazi za mabwawa zilivyo. Mwishowe Milimita akarudi, amekonda, mweusi kwa jua, nywele zimeingia mvi. Safari hii alipobisha hodi hakukohoa.

"Mwenzangu, hujambo," alisema.

Neno lilimtoka kwa mazoea ya zamani, na hakuna aliyelisahihisha. Akavua viatu. Akaingia chumbani, akaikagua kompyuta pande zote, akaiwasha aone kama programu inafunguka. Ikafunguka. Kulikuwa na mchoro wa nyumba ya mtu aliouacha nusu, akasema anyooshe mstari mmoja tu. Bibi Stoo alipoleta chai, mistari ilikuwa mingi. Giza lilipoingia akasema chumba alichopanga bado hakijawekwa umeme, je, anaweza kuja kesho amalizie.

Akaja kesho yake. Akaja na keshokutwa. Ikawa kila asubuhi Bibi Stoo akienda hospitalini anapishana naye mlangoni akiingia, na jioni akirudi anamkuta anajiandaa kutoka, amefagia, amezima feni. Umeme ulipofika kule kwenye chumba chake hakuna aliyeutaja. Kilichobadilika ni kwamba jioni hakuondoka upesi. Alimsimulia habari za wateja wake: mtu anayetaka ghorofa kwenye kiwanja cha kuegesha baiskeli, mama aliyetaka nyumba isiyo na pembe ili asifagie kona. Hakusimulia kama Bwana Magodoro. Alisimulia sentensi tatu, akapumzika, akaongeza moja. Bibi Stoo aliona kiasi hicho kinatosha.

"Mmerudiana?" dada yake aliuliza.

"Anakuja kufanya kazi."

"Kwa hiyo ni mpangaji?"

"Halipi."

"Sasa ni nani?"

Bibi Stoo akasema atamwuliza. Lakini aliyeuliza ni Milimita, jioni moja wakiosha vikombe, yeye akisuuza, Bibi Stoo akifuta.

"Nina swali," alisema. "Niihamishe kompyuta, au nihamie mimi?"

Bibi Stoo alifuta kikombe kimoja, akakipanga, akafuta cha pili. "Ukihamia utanyamaza tena?"

Milimita akafikiri. Safari hii hapakuwa na mjomba wa kusinzia. "Nitanyamaza," alisema. "Lakini nitajua kwamba nimenyamaza. Zamani nilikuwa sijui. Ukiniambia sema, nitasema."

"Sema sasa."

"Kule kilimani nilikuwa nahesabu siku za simu. Sikuwa nahesabu kwa ajili ya kompyuta."

Bibi Stoo alivimaliza vikombe vyote. Kisha akasema Jumatano ana nusu siku ya ruhusa.

Wakaenda Jumatano kwa msajili wa ndoa, dada mtu na Bwana Magodoro wakiwa mashahidi, na Bwana Magodoro alicheka mpaka msajili akamwomba asubiri nje hadi atakapohitajika kutia sahihi. Binti alipiga simu akalia, akauliza kama ni kweli. Baba yake akamwambia ni kweli, kisha, baada ya kutafakari, akamwambia pia kwamba amefurahi sana. Saa nane mchana walikuwa wameshala na wageni wameondoka. Bibi Stoo akabadilisha viatu, akarudi hospitalini, maana kulikuwa na mzigo wa chanjo unaoshushwa na hakumwamini mtu kuupokea. Milimita akaingia chumbani akamalizia mchoro wa vyoo vya shule, kwa sababu mkandarasi alikuwa anausubiri.